Fundi baiskeli mzuri hutafutwa kabla gurudumu halijavunjika

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mdogo anayeingiza mkaa Dar es Salaam kutoka Kisarawe au Mkuranga kwa baiskeli hana gari wala pikipiki. Mtaji wake ni ile baiskeli. Ndivyo alivyo pia mchuuzi anayetoka Soko la Samaki la Feri alfajiri akiwa na tenga kwenye keria, muuza maji mwenye madumu manne, na mfugaji wa pembezoni mwa jiji anayepeleka maziwa kwa wateja wake kabla jua halijapanda. Siku baiskeli ikilala, biashara nayo imelala. Samaki hawamsubiri fundi, na maziwa yaliyochelewa hayarudi kuwa mabichi.

Pamoja na hayo, wengi wao hawana fundi wanayeweza kumtaja. Wana mtu wa kuwazibia pancha tu. Ringi ikipinda au spoku zikikatika, mwenye baiskeli husukuma hadi kwenye mti wa kwanza wenye pampu na beseni la maji, na yeyote aliyeketi hapo ndiye anayekuwa fundi wa siku hiyo. Akibahatika, anaondoka na gurudumu zima. Asipobahatika, anarudi hapohapo baada ya siku chache, akiwa amelipa mara mbili na kupoteza soko.

Kumpata fundi mzuri katika jiji kubwa kunawezekana, lakini kunataka mtu ajue anatafuta nini. Kazi hiyo hufanywa baiskeli ikiwa nzima, mchana, bila mzigo mgongoni.

Watu watatu, kazi tatu

Kosa la kwanza la wateja ni kudhani kwamba kila anayegusa baiskeli ni fundi wa kila kitu. Mjini kuna watu wa aina tatu, na ni nadra kumkuta mmoja aliye bora katika kazi zote.

Wa kwanza ni mwenye duka la vipuri. Kwa Dar es Salaam, Kariakoo ndiyo shule ya biashara hiyo, na wafanyabiashara wengi wa mikoani hufunga mizigo yao huko. Huyu anajua bei na aina za bidhaa, lakini si lazima ajue kufunga hata nati moja.

Wa pili ni fundi wa kijiwe. Huyu hufungua, husafisha, hubadilisha gololi, hunyoosha ringi na kusuka spoku. Miongoni mwao wamo wachache wenye mkono wa pekee kwenye magurudumu, na hao ndio wa kutafutwa kwa tochi.

Wa tatu ni mchomeleaji. Kwa miaka mingi eneo la Gerezani, jirani na Kariakoo, limejulikana kwa mafundi wa vyuma. Mafundi wa aina hiyo ndio wanaounda maguta, zile baiskeli za miguu mitatu za kubebea mizigo, na kuimarisha fremu za baiskeli za kawaida kwa kuongeza bomba la pili, keria nene au vishikizo vya kushukia hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kwa lugha ya wenzetu wa Ulaya, hawa ndio waunda fremu wetu.

Mteja anayempelekea mchomeleaji kazi ya spoku, au anayemwomba muuza duka ushauri wa fremu iliyopasuka, anaanza safari kwa mguu mbaya.

Waulize wabeba mizigo

Njia fupi ya kumpata fundi ni kuwauliza watu ambao baiskeli zao hufanya kazi ngumu kuliko yako. Mtu anayepanda baiskeli kwenda msikitini au kanisani anaweza kumsifu fundi yeyote, kwa kuwa baiskeli yake haijapimwa. Lakini mchuuzi wa mkaa au muuza maji hawezi kudanganywa na fundi mbaya zaidi ya mara mbili.

Nenda mahali wanapopumzika. Tazama baiskeli zilizoegeshwa, kisha ziinue nyuma kwa ruhusa ya wenyewe na uzungushe gurudumu. Ukiona tatu au nne ambazo ringi zinazunguka bila kuyumba ingawa rangi imechakaa na kiti kimechanika, uliza zilifanyiwa kazi wapi. Majibu yakielekea kijiwe kimoja, umeshapata pa kuanzia.

Hapo tena usiangalie ukubwa wa kibanda wala ubao wa matangazo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Angalia baiskeli zinazosubiri kutengenezwa. Zikiwa nyingi ni za wabeba mizigo waliozoea kupita hapo, hiyo ni dalili njema. Angalia pia vifaa. Fundi mwenye spana za saizi mbalimbali, kifaa cha kukazia nati za spoku na kopo la grisi lenye mfuniko anaheshimu kazi yake. Mwenye koleo na nyundo peke yake atakaza kila nati kwa koleo hadi kona zake ziishe.

Ni kweli kwamba tangu pikipiki zienee nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya mafundi wa baiskeli wamehamia huko. Hilo limefanya wazuri waliobaki kuwa wachache na kupata wateja kutoka mbali. Ni sababu nyingine ya kuwatafuta mapema.

Dukani: soma namba, usisome jina

Baiskeli nyingi za mizigo nchini ni za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ule uliosambazwa duniani na viwanda kama Raleigh wa Nottingham. Mtindo huo ukachukuliwa na Phoenix wa Shanghai, na Hero na Avon wa Ludhiana, India. Hata Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa nchini na NABICO enzi za viwanda vya umma, ilikuwa ya ukoo huo. Faida yake ni kwamba vipuri vyake vinaingiliana kwa kiasi kikubwa. Hasara inakuja pale mteja anapochanganya ukoo huo na baiskeli za milimani au za mtumba kutoka Japani na Ulaya.

Chukua mfano wa tairi. Mtu anafika dukani na kusema anataka tairi ya 26. Lakini kuna 26 za aina zaidi ya moja, na haziingiliani. Ubavuni mwa tairi nyingi kuna namba ndogo zenye kistari katikati. Namba ya mwisho ndiyo kipimo cha kweli, kwani inaonyesha kwa milimita kipenyo cha sehemu tairi inapokaa kwenye ringi. Tairi ya kawaida ya 26 ya baiskeli ya milimani ina namba 559. Ile ya 26 kwa 1 3/8, inayoonekana kwenye baiskeli nyingi za mtumba, ina 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu wala sabuni ya kuzilazimisha ziingiliane. Baiskeli kubwa ya mizigo ya inchi 28 kwa 1 1/2 inatumia 635. Iandike namba ya baiskeli yako kwenye daftari kabla hujapanda basi kwenda mjini.

Mfano wa pili ni ringi. Mtindo wa zamani wa Kiingereza una spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli nyingi za milimani zina 36 mbele na 36 nyuma. Jumla kwa zote mbili ni 72, na hapo ndipo watu hujichanganya, kwa sababu idadi ya spoku inalingana kwa baiskeli zote mbili lakini ringi hazibadilishani. Ringi ya matundu 36 haiwezi kusukwa vizuri kwenye habu ya matundu 40. Muuza duka mzuri atakuuliza idadi ya matundu kabla hujafungua mkoba. Asiyeuliza, muulize wewe, na uhesabu mwenyewe.

Ukishapewa ringi, ilaze juu ya kioo cha kaunta au meza iliyonyooka. Ikicheza kama sahani iliyopinda, irudishe. Spoku haziwezi kuponya ringi iliyopinda tangu kiwandani bila kuvutwa kwa nguvu zisizo sawa, na gurudumu la namna hiyo halidumu. Kwa tairi, usichukue ile iliyoning'inizwa nje mlangoni. Jua huila raba taratibu. Ikunje ubavuni kidogo, na ukiona nyufa nyembamba, omba iliyo ndani ya stoo.

Muuza duka anayekubali ukague hivyo bila kununa, na anayekubali kubadilisha kipuri kisichoingia kikiwa bado safi, ni mtu wa kushika. Omba risiti. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na risiti hiyo ndiyo kauli yako siku utakaporudi na malalamiko.

Gurudumu ndilo roho ya biashara

Tuchukulie baiskeli ya mizigo yenye madumu manne ya lita 20. Maji peke yake ni kilo 80. Mwendeshaji ana kilo 65 na baiskeli yenyewe iko kwenye kilo 20. Jumla ni kilo 165, na sehemu kubwa ya uzito huo imekalia gurudumu la nyuma.

Tairi ya inchi 28 husafiri karibu mita 2.2 kila inapozunguka mara moja. Maana yake katika kilomita moja linazunguka kama mara 450, na katika safari ya kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, kama mara 27,000. Katika kila mzunguko, kila spoku inapofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena ikipanda. Ni sawa na mtu anayekunja waya na kuukunjua. Waya haukatiki kwa kukunjwa mara moja. Hukatika kwa kuchoka.

Hapo ndipo pana jambo ambalo wateja wengi hulichukua kinyume. Spoku inapokatika wakati gurudumu liko kazini, mara nyingi tatizo si kwamba ilikazwa mno. Mara nyingi ililegea. Spoku iliyokazwa vizuri inapofika chini hupunguza mvuto tu, lakini inabaki imeshika. Iliyolegea hupoteza mvuto wote, inacheza, kisha inavutwa ghafla. Ndiyo maana nyingi hukatikia pale kwenye kona, zinapoingia kwenye habu. Fundi anayebadilisha spoku iliyokatika bila kugusa zilizobaki amekuuzia siku chache tu.

Fundi mzuri wa magurudumu utamtambua kwa mambo haya. Kwanza, atakuuliza unabeba nini na unapita njia gani. Spoku ya kawaida, geji namba 14, ina unene wa milimita 2. Geji 13 ina milimita 2.3 na geji 12 ina 2.6. Kadiri namba inavyopungua ndivyo spoku inavyonenepa. Kwa gurudumu la nyuma la mbeba mizigo, spoku nene ni akiba nzuri, mradi matundu ya habu na nati zake vikubali.

Pili, hukaza kwa awamu. Huzunguka ringi nzima akikaza kila nati kidogo, kisha huanza tena. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo ahamie mwingine, anapinda ringi kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, akimaliza huzishika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuzibana kwa nguvu za kiganja, kuzunguka gurudumu lote. Kazi hiyo huzikalisha spoku mahali pake kwenye habu. Baada ya hapo huangalia tena kama ringi imeyumba.

Nne, hukata au kusaga kwa tupa ncha za spoku zilizotokeza ndani ya ringi, na kuweka utepe wa mpira juu ya nati. Ukipata pancha upande wa ndani wa tyubu, ule unaogusa ringi, mara nyingi ni kwa sababu hatua hiyo ilirukwa.

Tano, atakwambia urudi baada ya wiki moja. Gurudumu jipya hulegea kidogo likianza kubeba. Fundi anayelijua hilo huweka siku ya kulikaza upya.

Mteja naye anaweza kupima bila kifaa. Piga spoku moja moja kwa kucha, upande mmoja wa gurudumu. Zikitoa sauti zinazokaribiana, mvuto wake unakaribiana. Ikiwemo inayolia kama bati bovu, iko peke yake. Kisha zungusha gurudumu huku umeweka ncha ya kidole karibu na ringi. Nafasi isibadilike.

Mwenye guta ana tahadhari ya ziada. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala kidogo inapokata kona, hivyo uzito unabaki umesimama juu ya gurudumu. Guta halilali. Likikata kona na mzigo, magurudumu husukumwa ubavuni, na spoku nyembamba za baiskeli hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwundaji guta anayekuwekea magurudumu mepesi kwa mzigo wa magunia, ili bei ishuke, hakusaidii.

Fremu: moto wa kadiri

Fremu za mtindo wa zamani zimejengwa kwa mabomba ya chuma yaliyoingizwa ndani ya viungio, kisha yakalehemiwa kwa shaba ya njano. Kuna sababu. Shaba hiyo huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 900, wakati chuma chenyewe huyeyuka kwenye joto linalokaribia 1,500. Kwa hiyo shaba hupita katikati ya bomba na kiungio kama gundi bila chuma kuyeyuka.

Fundi anayechukua mashine ya umeme ya kuchomelea mageti na kuishusha kwenye bomba jembamba la baiskeli kwa moto uleule, ana hatari mbili. Anaweza kulitoboa, na anaweza kulifanya chuma cha kandokando ya mshono kiwe kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ndiyo maana fremu nyingi zilizochomelewa vibaya hazivunjiki palepale penye mshono, bali sentimita moja pembeni yake.

Haina maana kwamba umeme haufai kabisa. Mchomeleaji mzoefu huweza kufanya kazi safi kwa moto mdogo na fimbo nyembamba. Lakini muulize kabla ya kuanza: atatumia gesi na shaba au umeme? Atasafisha rangi na kutu kwanza? Ataweka kipande cha bomba ndani au bati la kuimarisha nje? Asiyekuwa na jibu, mshukuru na uende zako.

Baada ya matengenezo, pima unyoofu wa fremu kwa uzi. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi upande mmoja wa mahali ekseli inapokaa, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi hadi upande wa pili, kisha uvute ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana, baiskeli itakuvuta upande mmoja na kula tairi. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya dakika tano na rula, na mchomeleaji mwaminifu hatakukataza.

Lipo jambo moja la kufa na kupona. Uma wa mbele ukipasuka, usichomelewe, ununuliwe mwingine. Fremu ikivunjika nyuma, baiskeli huketi na mwenyewe akasimama. Uma ukivunjika barabarani, mwendeshaji hutangulia kwa uso, na nyuma yake yupo dereva wa daladala. Kila mwezi ufute kwa kitambaa na kuuangalia, hasa pale juu mabega yanapokutana na bomba la usukani. Mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka ni taarifa. Fundi anayekataa kuuchomelea, ingawa ulikuwa tayari kumlipa, mwandike jina lake. Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Mitihani midogo ya kijiweni

Yapo mambo madogo yanayomtofautisha fundi na mbahatishaji, na mteja anaweza kuyaona akiwa amekaa kwenye benchi.

Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na nati nyingine. Ili kuitoa, spana huzungushwa kuelekea upande wa mishale ya saa. Fundi anayeanza kuivuta upande mwingine kwa nguvu zake zote anaharibu meno ya krenki. Vivyo hivyo kikombe cha gololi kilicho upande wa cheni, chini kwenye krenki, kwa mtindo wa Kiingereza nacho kina meno ya kinyume.

Pini za krenki hutolewa kwa nyundo, lakini mwenye akili huegemeza krenki juu ya kipande cha chuma au gogo kwanza. Asipofanya hivyo, kila pigo linapita kwenye gololi na kuzitia makovu.

Gololi nazo zina saizi. Habu ya mbele kwa kawaida hutumia gololi za inchi 3/16 na ya nyuma inchi 1/4. Fundi anayechanganya za zamani na mpya katika kikombe kimoja anaziachia kubwa zibebe mzigo wote. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote, na grisi iwe safi.

Cheni hupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Katika cheni mpya, inchi 12 huanzia katikati ya pini moja na kuishia katikati ya pini ya 24 baada yake. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa inchi 1/16, badilisha cheni. Ikipita kwa 1/8, friwili nayo imeshaliwa, na cheni mpya juu yake itaruka meno. Fundi anayekuuzia cheni bila kupima, au anayekuuzia friwili ambayo bado nzima, wote wawili wanakula faida yako.

Rahisi ikigeuka ghali

Wateja wengi huchagua kwa bei. Tuchukulie mchuuzi anayepata faida ya sh. 15,000 kwa siku. Fundi wa kwanza anamsukia gurudumu kwa sh. 5,000, lakini kila baada ya wiki mbili spoku zinakatika, anapoteza nusu siku na kulipa sh. 1,000 ya matengenezo. Katika miezi sita hilo litatokea kama mara 13. Nusu siku 13 ni sh. 97,500, matengenezo ni sh. 13,000, na pamoja na zile 5,000 za mwanzo jumla inakuwa sh. 115,500. Fundi wa pili anataka sh. 12,000, na gurudumu linamaliza miezi hiyo sita kwa kukazwa tu. Bei hizi ni za mfano, kwani kila mji una zake, lakini hesabu ni ileile. Kinachomaliza mtaji si ujira wa fundi, ni siku zilizolala.

Kwa sababu hiyo, usimpe fundi mpya kazi kubwa siku ya kwanza. Mpe ya habu moja au kunyoosha ringi. Patana bei kabla, uliza ni nini kitabadilishwa, na uombe kurudishiwa vipuri vya zamani. Fundi mwaminifu atakuonyesha gololi iliyomenyeka au pini iliyolika bila kuombwa. Rekodi tarehe na kazi iliyofanyika. Mali bila daftari huisha bila habari, na baiskeli ni mali.

Ukiridhika naye, usimzungushe. Lipa siku hiyohiyo, mpelekee wateja, na usimletee baiskeli jioni ukitaka iwe tayari kabla ya adhana ya alfajiri. Fundi mwenye wateja wa kudumu hupata uwezo wa kuweka akiba ya spoku nene na gololi nzuri, na wewe ndiwe wa kwanza kufaidika.

Kwa mkulima wa mbali

Mkulima aliyeko mbali na jiji hawezi kuja Dar es Salaam, Mwanza au Arusha kila spoku inapokatika, wala haina haja. Mpango mzuri ni kununua vipuri mjini kwa saizi sahihi mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, na kuwa na fundi wa kijijini wa kazi za kila wiki. Akiba ya nyumbani isikose spoku sita za urefu wa gurudumu lako la nyuma na nati zake, gololi za habu zote mbili, pini mbili za krenki, tyubu moja, na kifaa cha kukazia spoku. Vyote hivyo vinaenea kwenye kopo la maziwa.

Wakulima wanaotumia soko au ghala moja wanaweza kwenda mbele zaidi: kuchangia kumpeleka kijana mmoja wa kijiji ajifunze uchomeleaji. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1994, hufundisha fani hiyo mikoani, na SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ina ofisi za mikoa zinazohudumia mafundi wanaotaka kuanzisha karakana. Kazi ya gurudumu ataipata kwa kukaa na fundi wa kijiwe miezi michache, akisuka na kufumua.

Kwa aliye mjini, kazi ya wiki hii ni ndogo. Inua baiskeli yako nyuma, zungusha gurudumu, piga spoku kwa kucha. Ikiwa kuna inayolia vibaya, ipeleke ikazwe leo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uipeleke bila mzigo, ili upate nafasi ya kukaa kwenye benchi na kumtazama fundi anavyofanya kazi.